Jicho la Tormod

Mara ya kwanza Murdag kulisikia jina hilo alikuwa dukani, pakiti ya chai mkononi, na aliyelisema hakuwa na nia mbaya hata chembe. Iomhar, karani wa malisho ya pamoja ya kijiji, alikuwa akimsimulia mwenye duka jinsi kondoo wake mwenye pembe moja alivyopatikana baada ya kutafutwa siku nzima.

"Kumbe yuko kule chini, karibu na Jicho la Tormod," alisema huku akicheka. Kisha akageuka, akamwona mjane wa Tormod amesimama nyuma yake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Karibu na wapi?" Murdag aliuliza.

"Murdag, dada yangu, ni ulimi tu."

"Nimekuuliza karibu na wapi. Si ulikuwa unalitamka vizuri? Rudia basi."

Mwenye duka alianza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Murdag aliitua ile chai juu ya kaunta, akawaambia wote wawili, kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwenye gari la mikate, kwamba mume wake si shimo la matope, na yeyote atakayemfanya shimo la matope ajue ana ugomvi naye mpaka kaburini. Akatoka bila chai.

Njiani alilia, na hasira yake haikuwa ya Iomhar peke yake. Alikuwa ameolewa Càrnabost, upande wa magharibi wa kisiwa, tangu hajatimiza miaka ishirini, na aliijua tabia ya mahali pale. Hakuna anayekaa kikao kutoa majina. Jambo hutokea, watu hulitaja, na likitajwa mara za kutosha linabaki ardhini wakati wenyewe wamekwisha kuoza. Hivyo ndivyo walivyokuwa na Bonde la Mshoni, ambako mshoni mmoja wa zamani alifunikwa na theluji akiwa anapeleka suti ya harusi ya watu. Walikuwa na Jiwe la Jeneza, walipopumzika wabebaji wa maiti, na Kibanda cha Usiku Mmoja, ambacho waliokijenga walilala humo mara moja tu na asubuhi wakakihama, wasiseme kwa nini. Mshoni yule huenda alikuwa mtu mcheshi, mpenda watoto, fundi hodari wa makoti. Hakuna ajuaye. Kilichobaki ni kwamba alikufa kwa baridi bondeni na suti ya mtu mwingine begani.

Tormod naye alikuwa na mengi. Aliimba zaburi kanisani kwa sauti iliyowafanya hata wazee wa kanisa wageuke. Alikuwa mvivu wa kuziba paa, mwepesi wa kusamehe, na alipenda kula viazi kwa mkono hata mbele ya mchungaji. Msimu wa vuli uliopita, dhoruba ilipowatawanya kondoo, aliwafuata chini ya Kilima Chekundu, asirudi. Kule kuna mashimo ya maji yaliyofunikwa kwa majani mororo ya kijani, yanayotikisika ukiyakanyaga pembeni. Kwa lugha ya kwao shimo la namna hiyo huitwa jicho. Kesho yake watu walipokuwa wakihangaika nyika nzima na fimbo zao, mama yake Tormod, bibi kizee Raonaid, alisema, "Katafuteni chini ya Kilima Chekundu." Walikwenda, wakaikuta kofia yake imekaa juu ya kijani kibichi. Ilibidi watumie kamba na mbao kumtoa. Katika kishindo cha msiba ule Murdag hakuuliza mama mkwe alijuaje.

Na sasa mtu huyo mzima, na zaburi zake na viazi vyake, alikuwa anageuzwa tope. Vizazi vijavyo vingesema Jicho la Tormod na kupiga miayo.

Lakini maneno ya dukani yalifanya kazi. Watu wa Càrnabost wana ulimi mkali, ila mbele ya mfiwa wana adabu kupita kiasi. Kufikia Jumapili ile nyumba zote zilikuwa zimeambiana, na jina likakoma. Ikibidi kupataja, walisema "kule", wakielekeza kidevu. Wakati wa baridi ukapita. Majira ya kukata udongo wa nyika, ule unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, yalipofika, majirani walimkatia Murdag wake, wakamwanikia, wakanywa chai yake, wakazungumza juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Murdag alishukuru. Alijiona ameokoa kitu, ingawa mengine yote yalikuwa yamempotea.

Ikabaki siku moja tu kabla ya kuswaga kondoo kutoka nyikani kwenda kukatwa manyoya. Murdag alikuwa jikoni akioka skoni, vile vimkate vya chai, za kesho, Raonaid kwenye kiti chake karibu na jiko, akifuma soksi bila kuitazama. Waliishi pamoja wawili tu, na waliishi vizuri, kwa kuwa kila mmoja alijua mahali pa kutomgusa mwenzake.

"Iomhar alipita ukiwa kisimani," Raonaid alisema. "Anauliza kama utaswaga au utabaki zizini na wanawake wa chai."

"Nitaswaga. Glen hamsikilizi mtu mwingine." Glen alikuwa mbwa wa Tormod, na mambo yake yote yalikuwa ya Tormod, hata kukoroma.

"Amesema atakupanga juu, mbali na kule."

"Anipange anakotaka. Mimi si yai."

"Ana adabu, Iomhar. Wote wana adabu." Raonaid aligeuza soksi. "Usijisumbue moyo, mwanangu. Jina lile limekwisha. Hata letu lilikwisha hivyohivyo. Mwaka mmoja tu, halikusikika tena."

"Lenu lipi?"

"La Marsaili. Dada yangu."

Murdag alimjua Marsaili wa jiwe la makaburini, msichana wa miaka kumi na tisa, basi. Siku zote alidhani ni homa, kwa sababu zamani wasichana wengi walikufa kwa homa. Akafuta unga mikononi.

"Marsaili alifia wapi, mama?"

"Palepale," Raonaid alisema, bado akiwa na nia ya kumfariji. "Alifuata ng'ombe. Watu wakaanza kusema Jicho la Marsaili, na kila likisemwa mama yangu alikuwa anakwenda kulala kitandani mchana kweupe. Mzee wa kanisa akapita nyumba hadi nyumba, akawaomba. Wakanyamaza wote. Hata mahali penyewe hawakupataja tena kwa jina lolote, ndivyo walivyokuwa watu wema. Waliozaliwa nyuma yetu hawakujua kama—"

Hapo sindano zikasimama. Murdag alimwona bibi kizee akilisikia neno lake mwenyewe likirudi.

"Hawakujua," Murdag alisema. "Tormod alizaliwa nyuma yenu."

"Nilimwambia apite juu. Tangu akiwa mdogo. Nilimwambia, pita juu, baba yako alipita juu."

"Na akikuuliza kwa nini?"

"Hakuuliza."

"Angeulizaje kitu asichojua kama kipo? Alipita juu kwa sababu baba yake alipita juu! Siku kondoo waliposhuka, akashuka. Nani alimwambia kuna nini huko? Wewe ulijua, mama. Ulijua mpaka ukawaonyesha watu pa kumtafutia maiti!"

"Sikuwa na jina la kupaitia," Raonaid alisema. Alikuwa mdogo ghafla kwenye kile kiti. "Utamwambiaje mtu ajihadhari na mahali pasipo na jina? Kila nilipotaka kusema nilimwona mama yangu anapanda kitandani. Nikaacha. Ukishaacha mara nyingi, unasahau kwamba ulitaka kusema."

Skoni ziliungua. Murdag aliziacha ziungue, akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba kwenye upepo huku Glen akimnusa magoti. Alimchukia yule mama kwa moyo wake wote. Alimchukia kwa kufuma soksi, kwa kula chakula chake, kwa kuishi. Kisha, kabla hasira haijashiba, akakumbuka duka, pakiti ya chai, na sauti yake mwenyewe iliyofika kwenye gari la mikate. Mzee wa kanisa hakuhitajika safari hii. Kazi yake Murdag alikuwa ameifanya mwenyewe.

Angeweza kwenda kwa Iomhar jioni ileile. Nyumba yake ilionekana kutoka pale aliposimama. Lakini akaseme nini? Kwamba amebadilika, sasa ni ruhusa kumwita mume wake shimo? Hakuna mtu Càrnabost aliyewahi kumsikia Murdag akirudisha neno lake nyuma. Baada ya manyoya kukatwa, alijiambia. Nitasema polepole, baada ya manyoya.

Asubuhi walikusanyika kwenye geti la nyika, watu, mbwa na chupa za chai. Iomhar alipanda juu ya ukuta kuwapanga, kama afanyavyo kila mwaka, akitaja majina ya mahali bila kutazama popote, maana majina hayo yamo mwilini mwake. Watu walikuwa wachache kuliko mwaka uliopita. Vijana wako Glasgow, na aliyekuwa akishika Kilima Chekundu yuko makaburini.

"Murdag, utashika ubavu wa Kilima Chekundu, juu. Ùisdean…" Iomhar akasita.

Ùisdean alikuwa mwana wa Càrnabost aliyezurura na meli za watu nusu ya maisha yake, akarudi mwaka mpya na ndevu nyekundu na hadithi ndefu za Buenos Aires.

"Nipo, nahodha!" alijibu. "Ila nawaambieni mapema, kondoo mimi nimezoea kumwona kwenye sahani."

"Na wewe kondoo watakuona beberu," mtu akasema, watu wakacheka.

"Utapita chini ya Murdag," Iomhar alisema, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Usishuke sana. Usifike… kule." Kidevu chake kilielekea huko, macho yake yakamkwepa mjane. "Unapajua."

Ùisdean alitazama kidevu, akamtazama Murdag, akainamisha kichwa kwa heshima. "Naelewa," alisema.

Hakuelewa lolote. Murdag aliona machoni mwake kwamba hakuelewa. Alichojua ni kwamba kuna jambo la huzuni ambalo mstaarabu haulizi. Tormod alipokufa, Ùisdean alikuwa baharini. Murdag alitaka kulitaja. Watu walikuwa wakimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Geti likafunguliwa, mbwa wakachomoka.

Kuswaga kule kuna kanuni zake. Mstari ni mrefu, unapita vilima na mabonde, na mtu wa mwisho huku hamwoni wa mwisho kule. Kwa hiyo sauti hupokezwa. Anayeona jambo hutaja mahali kwa sauti kubwa, jirani yake hurudia, na wa tatu hurudia, mpaka limfikie anayehusika. Jina la mahali, basi, ndilo neno la watu. Mengine yote yanayopigiwa kelele nyikani, njoo, rudi, lala, simama, ni ya mbwa, na mtu mzima hayapi sikio.

Mpaka saa nne mambo yalikwenda vizuri. Kondoo waliteremka kama maharage yanayomwagwa kutoka guniani, na majina yalipita mbele na nyuma: Bonde la Mshoni, wako watano! Jiwe la Jeneza, funga huko! Murdag alipokea na kurudisha kama wengine. Kisha ukungu ukaingia kutoka baharini, bila haraka, ukameza kilima kimoja baada ya kingine. Akabaki na Glen, kipande cha mteremko, na Ùisdean chini yake akionekana na kupotea.

Ukungu ulipofunuka kidogo, aliona kondoo jike wawili na watoto wao wakimtoroka Ùisdean, wakiteremka kuelekea kwenye kijani. Ilikuwa kijani nzuri, ya kuvutia, kuliko nyasi yoyote ya nyika ile. Kondoo wenyewe walipita ukingoni, wepesi, wanaijua njia yao. Ùisdean aliwafuata akikata moja kwa moja kuwawahi mbele, akipiga mluzi wa meli.

"Rudi!" Murdag alipiga kelele. "Rudi! Rudi!"

Glen, aliyekuwa mbali juu, akarudi mbio mpaka miguuni pake, akamtazama.

"Simama!"

Glen akasimama. Ùisdean alinyanyua mkono bila kugeuka, kama mtu anayempongeza jirani kwa mbwa wake mtiifu, akaendelea kushuka. Murdag alimwita kwa jina lake, na upepo ukaligeuza likawa kelele tu kati ya kelele. Kati ya Ùisdean na ile kijani hapakubaki hata urefu wa nyumba. Murdag aliona kofia. Haikuwepo, lakini aliiona imekaa pale juu, kavu, kama ilivyokaa siku ile, na moyo ukampasuka kwa mara ya pili.

"Jicho la Tormod!"

Hakujua kama sauti ile ni yake. Ilitoka kifuani, kutoka kule Tormod alikokuwa akitolea zaburi.

"Jicho la Tormod! Jicho la Tormod!"

Ùisdean akasimama papo hapo, mguu mmoja mbele. Sasa aliambiwa mahali, na mahali hapo palikuwa na jina la mtu anayemjua, marehemu. Alishusha fimbo yake taratibu mbele ya mguu. Ikaingia. Ikaendelea kuingia mpaka mkono wake ulipogusa majani, naye akaiachia na kurudi kinyumenyume, akikanyaga palepale alipokanyaga awali, mpaka akafika kwenye mawe. Akakaa chini. Hakuwa na mzaha tena.

Murdag alidhani yamekwisha. Kisha kutoka ndani ya ukungu, kushoto kwake, mwanamke asiyeonekana akapokea: "Jicho la Tormod!" Mwanamume mbele yake akarudia. Na mwingine. Kila sauti ilikuwa na mtetemo, maana kila mmoja alijua anachokisema na nani anamsikia, lakini kanuni ni kanuni, na jina likasafiri likipanda na kushuka vilima asivyoviona. Likafika kwa Iomhar. Alimtambua kwa sababu alichelewa. Ukapita muda, kisha sauti nzito ya Iomhar ikalitamka lote, wazi, kuelekea zizini.

Alikaa kwenye majani yenye maji akamkumbatia mbwa, akalia mpaka ukungu ulipoanza kuinuka. Alikuwa amemkabidhi Tormod kwa shimo lile. Kuanzia leo hakuna wa kumrudisha.

Zizini kondoo walilia, watu wakawapigia kelele, manyoya yakaruka. Ùisdean alimjia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda. Raonaid alikuwa kwenye ukuta wa mawe karibu na birika, shali begani. Walikuwa hawajasemezana tangu skoni zilipoungua.

"Imefika mpaka hapa," Raonaid alisema. "Ile sauti. Nani alianza?"

"Mimi."

Bibi kizee alimimina chai, nyingine ikaenda kwenye kisahani. "Mwaka uliofuata baada ya Marsaili, mama yangu alikuwa kwenye mstari," alisema. "Alikuwa na sauti, mama. Angeliita jina lile, lingefika hapa."

Murdag alipokea kikombe. Hakuwa amemsamehe, na hakujua kama atamsamehe, lakini alikaa kando yake ukutani, bega kwa bega, kwa kuwa kulikuwa na baridi na mwanamke yule alikuwa akitetemeka. Iomhar akaja na mkasi mkononi, uso ukiwa chini kama mtoto aliyevunja dirisha.

"Murdag, samahani. Yule kondoo mwenye pembe moja hayupo. Ulimwona wapi mwisho?"

Murdag alimeza chai kwanza. "Juu kidogo ya Jicho la Tormod," alisema.

"Juu ya Jicho la Tormod," Iomhar akarudia kama inavyotakiwa, akageuka kwenda.

"Iomhar!" Raonaid aliita. Sauti ilikuwa kuukuu, imekwaruza, lakini watu wote zizini waliacha mikasi. "Kabla yake lilikuwa la Marsaili. Dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Waambie na watoto."